Kakariko haikai mahali pamoja: namna ya kupima nadharia za ramani ya Hyrule

Swali la msomaji: "Nimemaliza Ocarina of Time, Twilight Princess na Breath of the Wild, gemu tatu za mfululizo wa The Legend of Zelda wa Nintendo. Kila gemu inasema hii ni nchi ileile ya Hyrule, lakini kijiji cha Kakariko, Lake Hylia na msitu wa Lost Woods kila mara naviona upande mwingine. Mashabiki wana nadharia kibao: ramani imepinduliwa kama kwenye kioo, bahari ilifunika nchi kisha ikakauka, mji mkuu ulihamishwa, na kadhalika. Ipi ina mashiko? Nataka kuchora ramani yangu inayozikusanya zote. Nianzie wapi?"

Jibu:

Ndugu msomaji, tuelewane kwanza kuhusu kile unachoweza kupata. Ramani moja ya Hyrule yenye kila kitu mahali pake, tangu The Legend of Zelda ya 1986 hadi Echoes of Wisdom ya 2024, haichoreki. Anayeilazimisha huishia kusogeza mlima ili kijiji kikae vizuri. Kinachochoreka ni ramani kadhaa zilizolazwa moja juu ya nyingine, pamoja na maelezo mafupi ya kila kilichohama. Na nadharia yoyote ya mashabiki unaweza kuipima kwa swali moja tu: ili iwe kweli, inalazimisha nini kihame? Ikihamisha kijiji, haina gharama kubwa. Ikihamisha mlima, ina kazi ya kujieleza, hata katika nchi iliyoumbwa na miungu wa kike watatu.

Vitu haviwi vizito sawa. Kijiji kinahama ndani ya kizazi kimoja. Vita vinatosha, au moto, au kisima kukauka. Mto unahitaji muda kidogo zaidi: Kosi, unaoshuka kutoka Himalaya kuingia Bihar nchini India, umesogea zaidi ya kilomita 100 kuelekea magharibi katika karne mbili hivi. Ziwa linapanda na kushuka watu wakilitazama, na wakazi wa kando ya Baringo na Nakuru kule Kenya hawahitaji kusimuliwa, maana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji yamewafuata hadi majumbani. Jangwa ni jambo la maelfu ya miaka. Sahara ilikuwa na nyasi na maziwa hadi yapata miaka 5,000 iliyopita. Mlima wa volkano unaweza kuzaliwa ghafla. Parícutin nchini Mexico ulichipuka kwenye shamba la mahindi Februari 1943 na kabla ya mwaka kwisha ulikuwa umepita mita 300. Ila kuondoka mlima hauondoki ghafla, isipokuwa ulipuke au uporomoke: hata ukimomonyoka milimita 1 kila mwaka, ambayo ni kasi kubwa, kupunguza mita 1,000 kunahitaji miaka milioni moja.

Kwa hiyo vipe uzito. Death Mountain, mlima wa volkano, 4, jangwa la Gerudo 3, makao ya Zora, watu wa majini, 3 (kwa kuwa ni chanzo cha mto kilichopo kwenye miamba ya juu, wala si bwawa la bondeni), Lake Hylia 2, Lost Woods 2, Kakariko 1. Namba hizi ni za maamuzi, na una haki ya kuzibadilisha. Sharti ni moja: zibadilishe kabla ya kuhesabu. Ukizibadilisha baada ya kuona jibu, umeshapanga matokeo.

Ukidhani ziwa kupewa 2 ni kulidharau, rudi Ocarina of Time. Link, shujaa unayemchezesha, akiwa mtoto Lake Hylia limejaa. Miaka saba baadaye limebaki dimbwi, kwa sababu ya kiumbe kilichokaa ndani ya Water Temple, na kiumbe hicho kikishapigwa maji yanarudi. Gemu yenyewe inakuonyesha ziwa likikauka na kujaa ndani ya miaka saba hivi. Death Mountain katika miaka hiyohiyo saba haijasogea hata hatua.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta ramani ya kila gemu, uzikuze au kuzipunguza zote ziwe mraba wa ukubwa mmoja. Kwenye kompyuta, programu ya picha ya GIMP inatosha na ni ya bure: kila ramani iwe tabaka lake, ulipunguzie ukolezo hadi kama nusu ili uone la chini yake. Kwa mkono, tumia karatasi nyembamba inayopitisha mwanga na penseli za rangi. Chora mistari miwili kutoka pembe hadi pembe ya mraba. Inapokutana ndicho kitovu. Kisha kwa kila alama, andika iko upande gani kati ya pande nane ukitazama kutoka kwenye kitovu hicho.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa kutumia kasri la Hyrule kuwa kitovu. Katika A Link to the Past ya 1991 kasri lipo katikati ya nchi. Katika Ocarina of Time ya 1998 lipo juu kabisa, kaskazini, na uwanda wote umelala chini yake. Ukipima kutoka kasrini, nchi nzima ya Ocarina itaonekana imetelezea kusini, utaanza kutunga nadharia ya tetemeko, kumbe umepima kutoka mahali pabaya. Kasri ni jengo. Linajengwa, linabomolewa, linajengwa upya kwingine.

Kosa la pili ni kupima umbali. Usiupime, angalau mwanzoni. Umbali ndani ya gemu hukatwa kwa kipimo cha uvumilivu wa mchezaji. Hidemaro Fujibayashi, mwongozaji wa Breath of the Wild, alieleza kwamba alilaza ramani ya Kyoto, mji anaoujua, juu ya ramani ya gemu ili kukadiria mtu atachukua muda gani kutoka sehemu moja hadi nyingine. Umbali wa namna hiyo haukuambii chochote kuhusu ardhi iliyosogea. Pande, walau, watengenezaji huzirithi kutoka gemu hadi gemu.

Kosa la tatu ni toleo. Twilight Princess ya Wii, ya 2006, imepinduliwa kulia-kushoto nzima. Link alikuwa wa mkono wa kushoto, wachezaji wengi wangeshika rimoti kwa mkono wa kulia, na njia rahisi ikawa kuigeuza dunia yote. Toleo la GameCube ndilo lenye mpango wa asili, na toleo la HD la Wii U la 2016 linalifuata, isipokuwa ukicheza kwenye Hero Mode, ile hali ngumu zaidi, ambako linapinduliwa tena. Ocarina of Time 3D ya 2011 nayo ina Master Quest iliyopinduliwa. Ukichanganya picha za matoleo haya utaithibitisha nadharia ya kioo bila kujua kwamba uliyeleta kioo ni wewe.

Tuifanyie hesabu nadharia hiyo ya kioo, kwa kuwa ndiyo yenye wafuasi wengi na inafundisha. Inasema A Link to the Past, ambayo kwa mfuatano rasmi inakuja baada ya Ocarina of Time (ambapo historia inagawanyika matawi matatu) katika tawi ambalo shujaa anashindwa, ni nchi ileile iliyogeuzwa mashariki kwa magharibi.

Pande za Ocarina of Time ni hizi: Death Mountain kaskazini-mashariki, jangwa magharibi, Zora mashariki, Lake Hylia kusini-magharibi, Lost Woods mashariki, Kakariko kaskazini-mashariki. Za A Link to the Past: Death Mountain kaskazini, jangwa kusini-magharibi, Zora kaskazini-mashariki, ziwa kusini-mashariki, Lost Woods kaskazini-magharibi, Kakariko magharibi. Kuruka kutoka upande mmoja hadi unaofuata ni hatua moja, yaani nyuzi 45.

Bila kugeuza chochote, mlima umehama hatua 1, jangwa 1, Zora 1, ziwa 2, msitu 3, kijiji 3. Jumla 11. Geuza Ocarina kwa kioo, kisha linganisha: mlima 1, jangwa 3, Zora 3, ziwa 0, msitu 1, kijiji 1. Jumla 9. Kioo kimeshinda! Na hapo ndipo mashabiki wengi hufunga daftari.

Sasa zidisha kwa uzito. Bila kioo: 4, 3, 3, 4, 6, 3, jumla 23. Kwa kioo: 4, 9, 9, 0, 2, 1, jumla 25. Matokeo yamepinduka, kwa sababu kioo kinapatia kijiji, msitu na ziwa, vitu ambavyo vingeweza kuhama vyenyewe, halafu kinapeleka jangwa upande wa pili wa nchi. Tofauti ya alama 2 ni ndogo, wala sikushauri umtambie mtu nayo. Ukiisoma Zora ya Ocarina kuwa kaskazini-mashariki badala ya mashariki, jambo ambalo linateteeka, jumla zote mbili zinashuka kwa 3 na pengo linabaki lilelile. Kinachonivutia zaidi ni ule mpangilio wa safu ya kwanza: mlima, jangwa na chanzo cha mto vimehama hatua mojamoja, ziwa mbili, msitu na kijiji tatutatu. Ndivyo ungetegemea katika nchi ambayo karne zimepita, watu wamehama, miti imekatwa huku na kuota kule. Haithibitishi kwamba watengenezaji walikusudia hivyo (hawakukusudia, gemu ya 1991 ilitoka miaka saba kabla ya ile ya 1998), lakini kwa msimulizi anayetaka maelezo ya ndani ya hadithi, hayo ndiyo yenye gharama ndogo.

Fanya hesabu hiyohiyo kati ya Ocarina of Time na Breath of the Wild ya 2017. Death Mountain imebaki kaskazini-mashariki, 0. Zora mashariki, 0. Jangwa limeshuka kusini-magharibi, 1. Ziwa limekwenda kusini, 1. Lost Woods imekwenda kaskazini, 2. Kakariko kusini-mashariki, 2. Kwa uzito ni 0, 0, 3, 2, 4, 2, jumla 11. Hata kasri limerudi kaskazini.

Tazama hilo vizuri, kwa maana linaua familia nzima ya nadharia. Nintendo iliiweka Breath of the Wild mwishoni mwa historia, baada ya gemu zote zilizoitangulia. Ndani yake miaka 10,000 ni ya kutajwa tu kama habari za vita vya kale. Ingekuwa ardhi inabadilika polepole na nyakati, basi hiyo ndiyo ingekuwa mbali zaidi na Ocarina. Imekuwa karibu zaidi. A Link Between Worlds ya 2013 inatokea vizazi kadhaa baada ya A Link to the Past, na ramani ni karibu ileile, hadi mwamba. Tofauti za ramani haziongezeki kadiri miaka ya hadithi inavyoongezeka. Zinafuata gemu ipi ilikuwa mezani wakati ramani mpya inachorwa. Kwa hiyo mtu akikuletea nadharia ya mabamba ya ardhi yanayosogea, mwombe akupangie gemu kwa mwaka wa hadithi na akuonyeshe mwelekeo mmoja unaoendelea. Hataupata.

Nadharia ya mji mkuu kuhamishwa ina nguvu zaidi, na ina ushahidi wa mawe. Katika Ocarina of Time, Temple of Time ipo ndani ya mji, hatua chache kutoka sokoni. Katika Twilight Princess, zaidi ya miaka mia moja baadaye katika tawi la Link mtoto, magofu yake yapo katikati ya msitu, ndani ya Sacred Grove, mbali na mji wa kasri. Hekalu haliondoki. Basi, wanasema, mji ndio ulioondoka: Hyrule ya zamani ilikuwa pale palipo msitu, na kasri jipya likajengwa kaskazini zaidi.

Ijaribu kwa kulitia hekalu pini lisihame, kisha uangalie vilivyobaki. Katika Ocarina karibu nchi yote ipo kusini ya hekalu. Uwanda uko kusini yake, ziwa kusini, shamba la Lon Lon kusini. Katika Twilight Princess karibu kila kitu kipo kaskazini ya msitu: kasri, Kakariko, Death Mountain, uwanda. Kusini yake kuna kijiji cha Ordon na si mengi mengine. Ukilishika hekalu, inabidi uchukue mlima wa volkano na uwanda mzima uvivushe upande wa pili ndani ya karne moja na kidogo. Mji kuhama ni rahisi. Nadharia inavunjika kwenye mlima. Breath of the Wild inaipa pumzi mpya, kwa sababu huko hekalu lipo juu ya Great Plateau, kusini ya kasri, likiwa na magofu ya watu kulizunguka. Pale mji kuhamia kaskazini kunawezekana bila kugusa mlima hata mmoja, kwa kuwa Death Mountain iko mbali kaskazini-mashariki kwa vyovyote vile. Kama unataka nadharia ya mji mkuu, itumie hapo na uiache Twilight Princess.

Twilight Princess yenyewe ina uhamaji mmoja mdogo ambao ndio ushahidi bora kuliko wote kwenye mfululizo huu, na watu wengi huupita wakikimbia. Nenda Hidden Village, kile kijiji kilichoachwa ambako unapambana na maadui waitwao Bulblin kwa mishale. Kuna kibao kimeandikwa kwa herufi za Kihylia. Ukizisoma moja moja, kinakukaribisha Kakariko ya Zamani. Mtu pekee anayeishi pale ni bibi kizee aitwaye Impaz, na anasema jina lake amepewa kwa heshima ya aliyejenga kijiji hicho. Katika Ocarina of Time, aliyefungua Kakariko kwa watu wa kawaida ni Impa, mlezi wa binti mfalme Zelda. Kibao na simulizi la mwenyeji vinakutana na tukio la gemu nyingine, na kinachohitajika kuhama ni watu na vyombo vyao. Kakariko inayoonekana kwenye ramani ya Twilight Princess ni makazi mapya yaliyochukua jina. Ukikubali hilo, huna tena haja ya kuuliza kwa nini Kakariko ipo kusini-mashariki kwenye Breath of the Wild. Jina linasafiri na watu.

Nilichosema kuhusu jina kina upande wa pili. Usitumie jina la mahali peke yake kuwa ushahidi wa mahali. Breath of the Wild imejaa majina ya zamani: Mabe Village Ruins, Goponga Village Ruins, Toronbo Beach, Koholit Rock. Yote yanatoka Link's Awakening ya 1993, iliyotokea katika kisiwa cha Koholint, na kisiwa hicho kilikuwa ndoto ya kiumbe aitwaye Wind Fish, kilitoweka alipoamka. Kama jina lingethibitisha ardhi, tungelazimika kusema magofu ya kijiji kilichokuwa ndani ya ndoto yamejengwa kwa mawe ya Hyrule. Zelda II ya 1987 ina miji iitwayo Saria, Ruto, Rauru, Mido, Nabooru na Darunia. Ocarina ikaja miaka 11 baadaye na kuwapa watu majina hayo, ili ionekane miji iliitwa kwa heshima yao. Lanayru ni mfano wa tatu. Katika Skyward Sword ni jangwa, katika Twilight Princess ni mkoa wa maji, katika Breath of the Wild ni upande wa mashariki wenye mlima wa theluji. Kwenye ramani yako, jina lisilo na umbo la nchi linaloliunga mkono liandike kwa penseli.

Hiyo Lanayru ya Skyward Sword inastahili kusimama kidogo. Ukipiga jiwe la Timeshift, mduara unaokuzunguka unarudi zamani: mchanga unakuwa majani na roboti zilizokufa zinaamka. Ukifika Lanayru Sand Sea na chombo chenye jiwe hilo, maji yanatokea kuzunguka chombo huku mbele na nyuma kukibaki mchanga. Hapa watengenezaji wametamka wazi kwamba jangwa hili lilikuwa bahari. Ni mojawapo ya mabadiliko machache ya ardhi ambayo huhitaji kuyakisia.

Na ndilo linaloiharibia nadharia ya gharika. Unajua inavyosemwa. Katika The Wind Waker ya 2002 Hyrule imezama chini ya bahari kuu yenye miraba 49, saba kwa saba, na visiwa ni vilele vya milima. Breath of the Wild ina chumvi ya mawe ambayo maelezo yake yanasema imetokana na bahari ya kale, ina mifupa ya viumbe wakubwa mithili ya nyangumi katika Gerudo, Hebra na Eldin, na ina Korok (watu wa msituni) na Rito (watu-ndege), tuliokutana nao kwanza baharini. Kwa hiyo bahari ilikauka na Breath of the Wild ipo kwenye tawi la The Wind Waker.

Sehemu ya mwanzo inapimika na haiko vibaya. Ukilaza bahari ya The Wind Waker juu ya Ocarina of Time, Dragon Roost Island inaangukia kaskazini-mashariki, penye Death Mountain, na Forest Haven, ambako Great Deku Tree anaishi, inaangukia kusini-mashariki, hatua moja kutoka Lost Woods. Kasri halikai sawa. Tunajua hasa lilipo kwa kuwa tunalishukia chini ya Tower of the Gods, na mnara huo umesimama karibu na katikati ya bahari, wakati kasri la Ocarina ni la kaskazini. Alama mbili kati ya tatu, na iliyokosea ni jengo. Nadharia ya vilele vya milima naikubali.

Kukauka ndiko kusikokubalika kirahisi. Chumvi na mifupa vinasema palikuwa na bahari, havisemi ipi. Bahari ya Lanayru ya Skyward Sword inatosha kuvieleza, na yenyewe ipo kabla ya matawi yote, maana yake ushahidi huo unakubaliana na tawi lolote. Zaidi ya hapo, mwisho wa The Wind Waker mfalme Daphnes anaitumia Triforce, kitu kitakatifu kinachotimiza matakwa, kuizika Hyrule moja kwa moja, na Spirit Tracks ya 2009 inatuonyesha wazao wa mabaharia wakiwa na nchi mpya mahali pengine. Rito na Zora kuishi pamoja kwenye Breath of the Wild ni tatizo kwa kila tawi, kwa sababu The Wind Waker inasema Rito walitokana na Zora. Nintendo, ilipoiweka Breath of the Wild mwishoni mwa mfuatano, haikusema inatoka tawi gani, nami sioni chumvi ikiweza kulisema hilo kwa niaba yake.

Kuna nadharia moja ambayo haina kelele na ndiyo ningeijenga juu yake: kila gemu ni dirisha, na madirisha hayalingani ukubwa. Ushahidi wake upo tangu gemu ya pili. Ramani ya gemu ya 1986 ina skrini 128, 16 kwa 8, na Death Mountain ipo kaskazini yake. Fungua Zelda II: nchi hiyo yote imekuwa kipande kidogo upande wa kusini wa bara la magharibi, na Death Mountain sasa ipo kusini. Hakuna kilichohama. Ni fremu tu iliyopanuka kuelekea kaskazini. Kwa hiyo kabla ya kusema kitu kimehama, jiulize kama mipaka ya ramani ndiyo iliyosogea. Ukiona alama zote zimeelekea upande mmoja kwa pamoja, shaka yako ya kwanza iwe fremu.

Nawe una kipimo cha kujihakikishia jicho lako, nacho ni Tears of the Kingdom ya 2023. Ni nchi ileile ya Breath of the Wild miaka michache baadaye, na humo watengenezaji wamebadilisha ardhi makusudi. Visiwa vimepanda angani, mashimo yamefunguka hadi chini ya ardhi, Death Mountain imeacha kutiririsha lava. Ila mahali pa kila kitu hapajabadilika. Chini yake Depths, ulimwengu wa chini ya ardhi, imefuata uso wa juu kwa kinyume: penye mlima juu pana bonde chini, na penye maji juu pana ukuta chini. Mizizi ya mwanga 120 imekaa sawasawa chini ya mahekalu madogo 120 ya juu, na majina yake ni yaleyale yakisomwa kinyumenyume. Watengenezaji wakitaka uone kwamba ardhi imebadilika, hukuachia alama za kulinganishia, tena nyingi. Ambapo hakuna alama kama hizo, na hakuna mhusika hata mmoja anayeshangaa ziwa limekwenda wapi, uwezekano mkubwa ni kwamba ramani ilichorwa upya kwa ajili ya gemu mpya.

Hivyo kwenye ramani yako tumia rangi tatu. Nyeusi ni kwa mabadiliko yanayoonekana au kusemwa ndani ya gemu: ziwa la Ocarina, bahari ya Lanayru, Kakariko ya Zamani, gharika, na yote ya 2023. Bluu ni kwa yanayoelezeka kwa vitu vyepesi kuhama, alama zenye uzito wa 2 kushuka. Nyekundu ni kwa yanayodai mlima au jangwa lihame zaidi ya hatua moja. Hayo yaandikie tu "ramani mpya" na uendelee. Termina, Koholint, Labrynna, Holodrum na nchi ya Spirit Tracks zipe karatasi zake, hazimo Hyrule.

Wala usianze na Ocarina of Time, ingawa ndiyo unayoijua zaidi. Anza na A Link to the Past na Echoes of Wisdom, kwa kuwa ya pili imeichukua nchi ya kwanza karibu nzima na kuizungushia jangwa la Gerudo, volkano ya Eldin, mabwawa ya Faron na milima ya Hebra. Linganisha kasri, Kakariko na Lake Hylia za ramani hizo mbili kwanza, ukuze au kupunguza tabaka moja hadi alama hizo tatu zikae juu ya wenzao. Kipimo utakachokipata hapo kitakuonyesha dirisha la 1991 lilikuwa dogo kiasi gani, kisha ndipo ulete Ocarina.